Ugonjwa ukizuka, tusimamishe matukio yote ya kimataifa?

*"Daktari, shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati inayoandaa mashindano ya kimataifa ya michezo kwa vijana. Washiriki ni kama 900 kutoka nchi 14, wenye umri wa miaka 15 hadi 19. Yamebaki majuma tisa, na nchi mbili kati ya hizo zimetangaza mlipuko wa ugonjwa. Kamati imegawanyika. Wengine wanasema tuahirishe leo hii, uhai kwanza. Wengine wanasema Olimpiki ya Rio ilifanyika wakati wa Zika na hakukutokea kitu, kwa hiyo tuendelee, tuweke tu vipimajoto mlangoni. Wapo pia wanaotaka hizo nchi mbili ziambiwe zisije. Mimi najiuliza kwa nini dunia isiwe na sheria moja: ugonjwa ukitangazwa, matukio yote ya kimataifa yasimame mpaka uishe. Shirika la Afya Duniani (WHO) si wana mamlaka hayo? Barua za mwaliko nimezisaini mimi. Naogopa kuwa mtu aliyewaita vijana wa watu waje kuugua. Naomba msaada wako."*

Marahaba, katibu, na asante kwa kuandika kwa kina. Nianze na hofu yako ya mwisho, kwamba saini kwenye mialiko ni yako. Ni hofu ya haki. Mzazi anayemruhusu binti yake wa miaka 16 kupanda ndege anaamini kuwa upande wa pili kuna mtu mzima aliyekwisha kufikiri kwa niaba yake. Sitajaribu kukuondolea hofu hiyo. Nitajaribu kukuonyesha mahali inapopaswa kuelekea.

Umeniandikia idadi ya washiriki, umri wao, muda uliobaki na misimamo mitatu ya wajumbe. Jina la ugonjwa hukulitaja. Nadhani hata kikaoni mnabishana hivyo hivyo, kuhusu "mlipuko" kwa ujumla, na ndiyo maana hamfiki popote. Mlipuko kwa ujumla hauna jibu. Surua ina jibu lake, kipindupindu kina lake, Ebola ina lake, na homa mpya ya mafua ambayo miili yetu haijawahi kukutana nayo ina lake, na majibu hayo yanapingana. Kwa hiyo msimamo wangu nauweka mezani mapema. Sheria moja ya kusimamisha kila kitu siiungi mkono. Hoja ya kuendelea kwa sababu "Rio hakukutokea kitu" siiungi mkono pia. Ninachokiunga mkono ni kusitisha mapema na bila kusitasita, pale ugonjwa wenyewe unapokuwa wa aina inayokatwa makali kwa kusitisha.

Mkusanyiko wa kimataifa unaufanyia ugonjwa mambo mawili, na watu huyachanganya. Kwanza unauzidisha: watu wengi wanalala karibu, wanakula pamoja, wanapiga kelele na kukumbatiana, na mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza wengi kwa usiku mmoja. Pili unausafirisha: wale walioambukizwa wanarudi makwao siku moja, kila mmoja na nchi yake, na mlipuko mmoja unakuwa milipuko midogo kumi na mbili. Kuna ugonjwa unaozidishwa sana na kusafirishwa kidogo, na kuna wa kinyume chake. Kinachoamua ni mambo matatu tu: unapita njia gani kutoka mtu hadi mtu, mgonjwa anaanza kuambukiza lini, na ni wangapi kati ya wanaokutana tayari wana kinga.

Mfano unaonisaidia kila mara ni Hija, kwa sababu mahali ni pale pale, ibada ni ile ile, na umati ni mkubwa mno. Mwaka 2000 aina ya bakteria wa homa ya uti wa mgongo iitwayo W135 ilienea miongoni mwa mahujaji, wakarudi nayo makwao, na wagonjwa wakapatikana katika nchi nyingi, wakiwemo watu wa familia zao ambao hawakusafiri kabisa. Mwaka uliofuata ikajirudia. Hija haikusimamishwa. Saudia iliamua kwamba hakuna visa bila chanjo inayokinga aina nne za bakteria hao, na mlipuko wa namna ile haukujirudia tena. Kisha likaja janga la Uviko mwaka 2020. Chanjo haikuwepo, virusi vilipita kwa hewa, na mtu aliambukiza wengine kabla hajajisikia vibaya. Mwaka 2019 mahujaji walikuwa karibu milioni 2.5. Mwaka 2020 waliruhusiwa takriban elfu moja, wote waliokuwa tayari ndani ya nchi. Mwaka 2021 wakawa kama 60,000, wakazi wa humo humo waliochanjwa. Mwaka 2022 wakafika karibu laki tisa, wengi wao wakitoka nje. Wenyeji wale wale walitoa majibu yaliyotofautiana kiasi hicho, na kila jibu lilifaa ugonjwa wake.

Sasa hiyo hoja ya Rio. Ni kweli, Februari 2016 Shirika la Afya Duniani lilitangaza Zika, pamoja na madhara yake kwa watoto wachanga, kuwa dharura ya kimataifa. Mei mwaka huo wataalamu zaidi ya 100 wakaandika barua ya wazi wakitaka Olimpiki ihamishwe au iahirishwe. Shirika likajibu kwamba kufanya hivyo hakungebadilisha kwa kiasi kikubwa namna virusi vinavyoenea, na michezo ikafanyika Agosti. Baadaye hakuna mgonjwa hata mmoja wa Zika aliyethibitishwa kuambukizwa kwa sababu ya michezo hiyo. Mjumbe wako ana ukweli mkononi. Kosa lake ni kudhani kwamba Rio ilikuwa bahati inayoweza kurudiwa na ugonjwa wowote.

Tazama kwa nini mambo yalikwenda vizuri. Zika husambazwa hasa na mbu aina ya Aedes, na Agosti kule Rio ni majira ya baridi, mbu wanapungua sana. Watu 50,000 wakikaa uwanjani bila mbu, kukaribiana kwao hakuzidishi chochote. Na upande wa kusafirisha, wataalamu wa Marekani walikokotoa kwamba safari za kwenda kwenye michezo zingekuwa chini ya asilimia 0.25 ya safari zote za ndege za kwenda nchi zenye Zika. Yaani hata kama Olimpiki ingefutwa, zaidi ya asilimia 99 ya mwendo wa watu uliokuwa ukibeba virusi ungeendelea kama kawaida. Swali hilo la mwisho lipeleke kikaoni kwako: watu wangapi husafiri kati ya nchi hizo mbili na nchi yenu kila juma, mashindano yawepo yasiwepo? Wakiwa maelfu, washiriki wenu kutoka nchi hizo mbili hawaongezi mengi kwenye upande wa kusafirisha, na wasiwasi wote uhamie kwenye upande wa kuzidisha. Wakiwa wachache sana, mashindano yenu ndiyo njia kuu, na hesabu inageuka.

Halafu linganisha Rio na Bergamo. Tarehe 19 Februari 2020, makumi ya maelfu ya watu kutoka mji huo wa kaskazini mwa Italia walisafiri hadi Milan kuona Atalanta ikicheza na Valencia. Walijaa kwenye treni na mabasi, walishangilia mabao manne ya timu yao, wakarudi nyumbani usiku. Majuma machache baadaye Bergamo ilikuwa mmoja wa miji iliyoumia zaidi duniani. Mechi haikuwa sababu pekee, virusi vilikuwa vimeshaanza kuzunguka, lakini ni vigumu kuamini kwamba haikuchangia. Ninachotaka ukione hapa ni tarehe. Mgonjwa wa kwanza wa maambukizi ya ndani kaskazini mwa Italia alitambuliwa usiku wa kuamkia tarehe 21, baada ya mechi. Sheria unayoitamani, ya "ugonjwa ukitangazwa, simamisha", isingeizuia mechi ile. Tangazo huja nyuma ya ugonjwa, wakati mwingine kwa majuma.

Na sheria hiyo hiyo ingezuia mambo ambayo hakuna haja ya kuyazuia. Polio ilitangazwa dharura ya afya ya kimataifa Mei 2014, na tangazo hilo limekuwa likiongezwa muda mwaka baada ya mwaka tangu hapo. Kama dunia ingekuwa na sheria yako, kusingekuwa na Kombe la Dunia hata moja baada ya hapo, wala Hija, wala mkutano wa madaktari wa kujadili polio yenyewe. Kinachopendekezwa kwa polio ni chanjo kwa wasafiri wanaotoka kwenye maeneo yenye virusi. Basi.

Kuhusu mamlaka ya WHO: hawana. Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, ambazo nchi zote wanachama zimejifunga nazo, Mkurugenzi Mkuu anaweza kutangaza dharura na kutoa mapendekezo ya muda. Anashauri, anasaidia kupima hatari, na ana zana nzuri za kufanyia tathmini hiyo ambazo hata kamati ndogo kama yenu inaweza kuzitumia. Kufuta tukio ni uamuzi wa serikali ya nchi mwenyeji na wa wenye tukio. Ndiyo kusema uamuzi huu utabaki mezani kwenu na kwa wizara ya afya ya nchi yenu. Mkisubiri barua kutoka makao makuu ya WHO kule Geneva, mtasubiri sana.

Naomba sasa nizungumze kuhusu vipimajoto, kwa sababu ndivyo kamati nyingi hukimbilia na ndivyo vinavyonipa wasiwasi zaidi. Kipimajoto kinakamata homa. Mtu aliyeambukizwa Ebola anaweza kukaa hadi siku 21 kabla ya homa kuanza. Mwenye Uviko huanza kuambukiza kama siku mbili kabla ya dalili, wa mafua kama siku moja, wa surua siku nne kabla ya vipele kutokea. Na kijana aliyefanya mazoezi miaka miwili kwa ajili ya mbio zake, akiamka na joto asubuhi ya fainali, anajua kwamba vidonge viwili vya panadoli vitamvusha mlangoni. Pimeni mkipenda, hakuna ubaya, ila msihesabu kipimo hicho kama kinga. Pia kila ukaguzi mnaouongeza mlangoni unatengeneza foleni, na foleni iliyobanana ni hatari ya aina mbili, ya ugonjwa na ya kukanyagana. Malango yawe mengi na mapana.

Kosa jingine ni kuangalia uwanja tu. Mashindano ya Euro 2020 yaliyochezwa katikati ya 2021 yanafundisha vizuri hapa. Mamlaka ya afya ya Scotland ilihesabu watu 1,991 waliokutwa na Uviko ambao walihudhuria shughuli zilizohusiana na mashindano hayo katika siku walizoweza kuwa wanaambukiza. Kati yao 1,294 walikuwa wamesafiri kwenda London. Walioingia ndani ya uwanja wa Wembley ni 397. Wengine walikuwa kwenye magari, vyumba vya kulala, baa na nyumba za marafiki. Kwa mashindano ya vijana tafsiri yake ni rahisi: uwanja wenu wa wazi huenda ndiyo sehemu salama kuliko zote. Bweni lenye vitanda vinane, basi lenye madirisha yaliyofungwa, ukumbi wa chakula na sherehe ya usiku wa mwisho ndivyo vinavyohitaji kufikiriwa.

Pendekezo la kuzizuia nchi mbili lina uzito wa kibinadamu, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Agosti 2014, wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, Olimpiki ya Vijana ilifanyika Nanjing. Vijana kutoka eneo lililoathirika walizuiwa kushiriki michezo ya kupigana na ya majini, na Nigeria na Sierra Leone zikaziondoa timu zao. Miezi michache baadaye Morocco, iliyokuwa iandae Kombe la Mataifa ya Afrika Januari 2015, iliomba mashindano yaahirishwe kwa sababu ya Ebola. Shirikisho la soka la Afrika likakataa, likaipokonya nafasi hiyo na kuipa Guinea ya Ikweta. Guinea, moja ya nchi tatu zilizoumizwa zaidi na Ebola, ilikuja na timu yake. Ililingana kila kitu na Mali kwenye kundi, ikasonga robo fainali kwa bahati nasibu iliyochezeshwa mezani, ikatolewa na Ghana. Ebola haikuenea kutokana na mashindano hayo.

Siwalaumu Wamorocco kwa kuogopa. Ugonjwa ule uliua watu zaidi ya 11,000 kabla haujaisha. Lakini Ebola hupita kwa kugusa damu na majimaji ya mwili ya mtu ambaye tayari anaumwa, au ya aliyekufa kwayo. Wanaoipata hasa ni wanaouguza, wanaozika na wahudumu wa afya. Mchezaji mzima wa mwili, aliyefuatiliwa afya yake kwa siku 21 na ambaye hajakutana na mgonjwa, si hatari kwa mtu aliyekaa naye jukwaani. Ndiyo sababu kwa Ebola swali lenye maana ni "amekuwa wapi na amekutana na nani kwa siku 21?", na pasipoti haijibu swali hilo. Kijana anayetoka mji ulio kilomita 900 kutoka kwenye mlipuko anaweza kuwa salama kuliko jirani wa mlipuko mwenye pasipoti ya nchi ya tatu.

Kuna sababu nyingine ya kuogopa marufuku ya nchi nzima. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini waliitangazia dunia aina mpya ya virusi vya Uviko iliyopewa jina Omicron. Ndani ya siku chache nchi nyingi zikafunga safari za kutoka kusini mwa Afrika, wakati virusi hivyo vilikuwa tayari vimefika mabara mengine. Walioadhibiwa ni waliosema ukweli mapema. Waziri wa afya anayejua kwamba tangazo lake litawafungia vijana wa nchi yake milango yote atakuwa na kishawishi cha kusubiri juma moja zaidi, na juma hilo ndilo wakati pekee ambao mlipuko bado ni mdogo. Kila tukio linalosimamishwa bila sababu linaongeza kishawishi hicho. Hii ndiyo gharama ya kusitisha ambayo sijasikia ikitajwa kwenye vikao vingi, na kwangu ni kubwa kuliko ya fedha.

Hata hivyo sitaki ufunge barua hii ukidhani nakuambia uendelee. Upo ugonjwa ambao ningekuomba usitishe leo, kabla hata ya kumaliza kusoma. Ni ule unaopita kwa hewa, unaoambukiza kabla ya dalili, unaoua au kulaza wengi, usio na chanjo, na ambao bado haujasambaa kwenye nchi zote zinazoshiriki. Hapo mkusanyiko unazidisha na kusafirisha kwa pamoja, na kila siku inayopotea ina bei. Septemba 28, 1918, wakuu wa mji wa Philadelphia walijua kwamba homa ya mafua imeshaingia mjini. Waliruhusu gwaride la kuchangia vita hata hivyo, watu wapatao 200,000 wakajipanga barabarani, na ndani ya siku chache hospitali zikajaa hadi hakuna kitanda. Wao hawakuwa kama watu wa Bergamo. Walikuwa wameonywa.

Kati ya kufuta na kuendelea kuna njia nyingi, na kila moja ina sharti lake. Kuahirisha hununua muda, kwa hiyo jiulizeni mnanunua muda wa kufanya nini. Ubingwa wa soka wa Amerika Kusini uliokuwa uchezwe Rio mwaka 1918 ulisogezwa hadi Mei 1919, wimbi la mafua likawa limepita, ukachezwa. Olimpiki ya Tokyo ilisogezwa mwaka mzima, na chanjo ikapatikana ndani ya mwaka huo, ingawa bado karibu michezo yote ilifanyika bila watazamaji. Kama katika miezi sita hakuna chanjo inayotarajiwa, hakuna msimu wa mbu unaoisha, wala hakuna dalili kwamba mlipuko unadhibitiwa, kuahirisha kwa miezi sita kunasogeza tatizo tu. Kuhamisha kunafaa pale tatizo likiwa kwa mwenyeji: mwaka 2003 Kombe la Dunia la Wanawake la soka lilitolewa China na kupelekwa Marekani kwa sababu ya SARS, ugonjwa mkali wa njia ya hewa, na China ikapewa mashindano yaliyofuata. Kwenu tatizo liko kwa wageni wawili kati ya kumi na nne, hivyo kuhama hakuwasaidii.

Kupunguza mara nyingi kuna faida kuliko watu wanavyodhani. Fupisheni siku, acheni sherehe za ndani, wekeni vijana wanne chumbani badala ya wanane, kila nchi ilale na kula peke yake. Mambo hayo hayapendezi, najua, maana vijana wanakuja wakutane. Lakini mbio na mechi zitabaki.

Kwa magonjwa yenye chanjo ya zamani, msipoteze muda kubishana. Baada ya Olimpiki ya baridi ya Vancouver, Canada, mwaka 2010 surua iliingia katika jimbo lenye mji huo na kufikisha wagonjwa 82, huku hakuna aliyekuwa ameizungumzia sana kabla ya michezo. Surua ndiyo inayoambukiza kwa kasi kuliko karibu ugonjwa wowote tunaoujua; asiye na kinga akiwa chumba kimoja na mgonjwa ana nafasi ndogo sana ya kuikwepa. Kama ugonjwa mliotangaziwa ni huo, takeni kadi ya chanjo kwa kila mshiriki, kocha na mtu wa kujitolea, bila kujali nchi anayotoka. Majuma tisa yanatosha kwa dozi mbili na mwili kujenga kinga. Kama ni kipindupindu, umati wenyewe si shida: shida ni maji, vyoo na mikono ya wapishi, na mashindano yenye maji safi ya kutosha yanaweza kuendelea bila woga mkubwa.

Jambo moja mlifanye hata kama ugonjwa ni mdogo: andikeni kanuni sasa, kabla hamjajua ni nani atakayeumia nazo. Mwaka 2017 kwenye mashindano ya dunia ya riadha London, mkimbiaji wa Botswana Isaac Makwala aliwekwa karantini ya saa 48 kwa sababu ya virusi vya kuharisha na kutapika, akakosa fainali ya mita 400, na mabishano yakadumu kuliko ugonjwa. Januari 2022 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Cameroon, makipa wawili wa Comoro walikutwa na Uviko na wa tatu alikuwa ameumia, na kanuni ilisema timu yenye wachezaji 11 wazima lazima icheze. Beki Chaker Alhadhur akavaa glavu, akadaka mechi nzima dhidi ya wenyeji, wakafungwa 2-1 tu. Unaweza kuipenda au kuichukia kanuni ile, lakini ilikuwepo kabla ya filimbi. Ninyi pia amueni mapema: nani anamtenga mgonjwa, kwa saa ngapi, chumba kipi, analala na nani wa kumwangalia, na timu yake inafanyaje. Na muhimu zaidi, amueni ni hali gani zitakazowafanya msitishe. Kwa mfano: ugonjwa ukipatikana ndani ya mji wenyeji, au hospitali ya karibu ikikosa nafasi ya kulaza, au idadi ya wagonjwa katika nchi mbili hizo ikiendelea kupanda hadi juma la nne kabla ya ufunguzi. Hali hizo wajulisheni viongozi wa nchi zote 14 sasa hivi, ili siku ikifika asiwepo anayedhani kaonewa.

Upande wa fedha nitapita haraka, kwa kuwa si fani yangu: someni mkataba wa bima leo. Mashindano ya tenisi ya Wimbledon yalipofutwa 2020 waandaaji walikuwa na bima iliyogusa magonjwa ya mlipuko. Tangu hapo kampuni nyingi za bima zimeondoa magonjwa ya kuambukiza kwenye mikataba ya kawaida, na mnahitaji mwanasheria awaambie kama kufuta wenyewe na kufutiwa na serikali vinalipwa sawa.

Sasa mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Katika siku chache hizi mwombeni mtu wa idara ya ufuatiliaji wa magonjwa wa wizara ya afya aje kikaoni kwenu, akae nanyi, aone ramani ya mabweni na orodha ya nchi. Yeye ana takwimu za juma hili, na mimi sina. Mkimwita, nendeni na jina la ugonjwa, wilaya zilizoathirika ndani ya nchi mbili hizo, na miji wanakotoka washiriki wenu. Nina matumaini kwamba nusu ya ubishi wenu utaisha hapo hapo. Akiwaambia msitishe, sitisheni, hata kama barua hii inakupa sababu ya kumbishia.

Washiriki wenye pumu kali, selimundu, kisukari, wanaotumia dawa zinazopunguza kinga, na yeyote mjamzito miongoni mwa makocha na wasimamizi, wamwone daktari wao ana kwa ana majuma manne hadi sita kabla ya safari. Uamuzi wa mtu mmoja unaweza kutofautiana na wa kamati: tukio linaweza kuwa salama kwa 890 na lisiwe salama kwa kumi. Wapeni nafasi ya kujitoa bila kuwatoza faini na bila kuwauliza mara mbili.

Na baada ya mashindano, kila mshiriki arudi nyumbani na karatasi yenye nambari moja ya simu. Akipata homa, vipele, kuharisha kusikokoma au kupumua kwa shida ndani ya siku 21, apige simu kwanza kabla ya kwenda hospitali, aseme alikuwa wapi na lini, ili wampokee kwa tahadhari asije akaambukiza watu waliopanga foleni. Mkipata taarifa ya mgonjwa mmoja, wajulisheni viongozi wa nchi zote siku hiyo hiyo kupitia wizara. Nambari hiyo iwe na mtu wa kuipokea usiku na mchana kwa majuma matatu baada ya ndege ya mwisho kuondoka, na mtu huyo awe na orodha ya nani alilala chumba gani.